Kanga wa Neno Moja

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia kama mwenye usingizi? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa bado wanafanya kazi za watu, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto. Watu wake walilima mpunga na kuuanika kwenye mikeka uwanjani. Mlinzi wa mvua alikuwa Kanga, yule ndege wa madoadoa, aliyekaa juu ya paa la mtemi akitazama mbingu.

Kanga hakuwa mwongo. Tatizo lake lilikuwa neno moja tu. Likipita wingu tupu, alilia, "Inakuja, inakuja, inakuja." Ukivuma upepo, hivyo hivyo. Ikija mvua kweli, hivyo hivyo. Watu wakakimbia kuanua mpunga, wakakimbia, wakakimbia, hadi viuno vikakataa.

Mtemi Kasongwa akachoka. Akamwagiza Nyamizi mfinyanzi amtengenezee chungu kipana cha kumtosha kanga mzima. Ndege huyo akisumbua watu bure mara moja tu nyingine, ataliwa.

Nyamizi alifinyanga huku moyo unamuuma. Chungu kibichi hakitaki mvua, kwa hiyo mama huyu aliijua mbingu kuliko mtu yeyote pale. Akamwita Kanga pembeni.

"Mwanangu, watu hawataki kujua kwamba inakuja," akamwambia. "Wanataka kujua wafanye nini."

Akamfundisha. Wingu jepesi linalokimbia halina kitu: lia "Kaa." Wingu zito linalosogea taratibu ni mvua: lia "Anua." Lakini wingu jeusi likisimama refu juu ya milima, upepo ukakatika ghafla na siafu wakahamisha mayai, hiyo ni dhoruba: lia "Panda," watu waache kila kitu wakimbilie kilimani.

Siku zikapita. Kanga akilia "Kaa," watu walikaa, na mpunga haukulowa. Akilia "Anua," walianua, na mvua ikanyesha.

Ikafika siku ya kula mpunga mpya. Jua lilikuwa linawaka utosini. Kanga akaona wingu jeusi limesimama kule milimani unakotoka mto. Upepo ukakatika. Siafu wakapita na mayai yao. Kanga akakitazama kile chungu kinachomsubiri jikoni. Akalia hata hivyo, "Panda, panda, panda."

Mtemi akatazama juu, akauliza wapande wapi na jua lote hili. Akaamuru maji yatiwe chunguni. Hakuna aliyekwenda kuyateka. Bibi Limi, aliyekuwa akilalamikia kiuno kuliko wote, alikuwa ameshafunga mzigo wake.

"Mtemi," akasema, "ndege huyu ametuambia tukae mara ishirini, tukakaa salama. Leo hajasema tukae."

Wakapanda wote, na watoto, na mbuzi, na ngoma zao. Mtemi alifika wa mwisho, wali ungali mkononi. Hapo mto ukaja ukinguruma, ukabeba uwanja, ukabeba mikeka, ukabeba nyumba. Watu wakahesabiana kilimani: hakupungua hata mmoja. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilishinda ngurumo, na Kanga akabebwa mabegani akilia kwa furaha.

Chini, kile chungu kilikuwa kinaelea kwenda zake.

"Chungu changu," akasema Mtemi.

"Kiache kiende, Mtemi," Nyamizi akajibu. "Kingine cha kazi ile sifinyangi."

Mtemi akacheka, akammegea Kanga ule wali wa mkononi.

Nami hadithi yangu nimeipandisha kilimani, imefika salama, na imeishia hapo.