Vigae vya Sultani Badiri

Hapo zamani alikuwapo sultani aitwaye Badiri, mtu aliyependa kuvishwa kilemba cha ukoka kuliko kula. Siku moja akamwambia mnajimu wake, Nadhifu, "Nitafutie idadi ya vigae inayofanana na enzi yangu."

Mnajimu akafumba macho, akafumbua, akanena, "Elfu saba mia tisa na kumi na tisa, maulana. Idadi hii haigawanyiki mafungu sawa, kama enzi yako isivyogawanyika." Sultani akafurahi mno.

Basi vigae vikachomwa, ikatoka amri kwa Fundi Mkwale: avipange kwa safu kuanzia kitini pa enzi, safu yoyote isizidi nyingine hata kwa kigae kimoja, kisibaki wala kisivunjwe kigae. Siku ya Ijumaa Sultani ataikanyaga sakafu yote mbele ya wageni, na fundi akishindwa, atakatwa mkono.

Maskini fundi! Alipanga safu tatu, vikabaki viwili. Akapanga saba, vikabaki viwili. Akapanga kumi na tatu, vikabaki viwili vile vile, akaketi akalia.

Mume wa dada yake, Mshangama, alikuwa fukara mchota maji. Watu walimwita juha, naye hakuwakatalia, maana juha hasumbuliwi kwa ushauri. Lakini mkono ule ndio uliomjengea kibanda bure, na kufikiri kwamba utakatwa kulimuuma sana.

"Shemeji, Sultani ametaka safu ngapi?"

"Hakusema."

"Basi futa machozi, tumepona."

Ijumaa Sultani akaingia na wageni, akakuta baraza tupu. Kitini pa enzi palianzia ukanda mmoja wa vigae, kimoja mbele ya kimoja, ukatoka mlangoni, ukakata soko, ukashuka matopeni mwendo wa saa nzima hadi kisima cha mafukara.

"Nani kanifanyia ufedhuli huu?"

"Ni mimi, maulana," akasema Mshangama. "Hakikubaki kigae, hakikuvunjika kigae, wala hapana safu iliyoizidi hii. Ikiwa nimekosa, na tuhesabu."

Sultani akamgeukia mnajimu. "Havipangiki vinginevyo?"

"Havipangiki, maulana. Idadi hii ni safu moja tu."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

"Maulana uliniuliza idadi ya kukusifu, hukuniuliza ya kujengea."

Wageni wakatazama dari. Ikawa hapana budi: Sultani akapandisha joho, akakanyaga kigae kwa kigae katika jua la utosi hata kisimani, akaomba maji, akapewa yale yale ya tope wanywayo raia wake. Akayatazama, akamtazama Mshangama, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Mkono wa fundi ukasalimika, mafukara wakachimbiwa kisima kipya, na kazi ya kuchota maji ya jumbani akapewa mnajimu. Na tangu siku hiyo kila aliyemsifu Sultani Badiri aliulizwa kwanza, "Na ubaya wake ni upi?" Wengi wakakumbuka kuwa wana shughuli nyumbani.

Nami niliyesimulia nimekoma hapo. Mwenye kuijua zaidi na aketi aitoe.