Kidole cha Bi Mize

Ukikaza moto, harufu huhama. Maneno hayo yalinitoka juzi nilipoingia jikoni nikamkuta mjukuu wangu Nassir amesimama mbele ya sufuria inayotokota kwa gesi kali, na ndani yake vichupa vinne vya maji ya sigara ya mvuke vikigongana kama mayai. Alikuwa ameyachanganya mwenyewe. Wenzake huyaacha kabatini wiki tatu yakolee, akaniambia, lakini yeye alitaka kuyatumia jioni ile ile. Alipofungua kichupa kimoja akanusa, akampa na dada yake Salha, wote wawili wakakunja pua. Harufu ya embe aliyoitia ilikuwa imepotea, imebaki ya sukari iliyoungua. Ndipo niliposema neno langu. Wakacheka, wakaniuliza nimelitoa wapi.

"Zimeni gesi mkae," nikawaambia. "Methali hii ilianza hivi."

Kwetu Pemba, upande wa Wete, alikuwapo mwanamke akiitwa Bi Mize binti Makame. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafuta ya maharusi. Alitia mafuta ya ufuta katika mtungi mdogo wa udongo, akatia maua ya asmini juu yake, akauweka mtungi ndani ya chungu cha maji, na chungu akakiteleka juu ya moto wa makumbi ya nazi. Kumbi halina papara. Hufuka ndani ya jivu lake kutwa nzima bila kutoa ulimi. Kila asubuhi aliyatoa maua yaliyonyauka akatia mapya, na kazi hiyo ilichukua siku saba. Bibi harusi akipakwa mafuta hayo, mpita njia alijua kuna sherehe kabla hajasikia ngoma.

Kipimo chake cha joto kilikuwa kidole. Alichovya kidole cha shahada katika maji ya chungu, akasoma Alhamdu yote mpaka Amin. Kidole kikistahimili, joto ni sawa. Kikikimbia kabla ya Amin, aliondoa kumbi moja.

Sasa Bi Mize alikuwa na mdogo wake, Bi Hidaya, mwanamke mwema sana mwenye pupa isiyosemeka. Alikuwa mtu wa kuanza kula wali ungali jikoni. Binti yake, Riziki, alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja kijana akiitwa Mbarouk, na watu wote waliona wameelewana. Harusi ilikuwa bado siku kumi. Mafuta yalishawekwa motoni. Mara ikaja barua kwamba Mbarouk amehamishiwa skuli ya Unguja na anatakiwa huko mwisho wa wiki. Wazee wakakaa, wakakata shauri: harusi iwe Alhamisi, na Ijumaa maharusi wasafiri. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Tangu habari hiyo ilipofika, Riziki alifunga mdomo. Hakulia, hakugomba, ila hakusema. Chakula alikichezea tu kwenye sahani. Bi Hidaya akaingiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Sheikh Faki, aliyefungisha ndoa za kijiji kile, hakutosheka na ukimya wa msichana kama wengine. Alisimama mlangoni akauliza, na asiposikia "ndiyo" kwa masikio yake mwenyewe, alifunga kitabu chake akaenda zake. Mwaka uliopita alikuwa ameivunja harusi moja namna hiyo, pilau ikiwa tayari imepakuliwa.

Kwa hiyo Bi Hidaya akawa hana kazi nyingine ila kumsukuma mtoto. "Riziki, unamtaka humtaka?" Akitoka kuteka maji, swali. Akikaa kusukwa, swali. "Sema basi! Utanitia aibu mbele za watu?" Na kila alipouliza, Riziki alizidi kujikunja.

Siku hiyo hiyo ya barua Bi Mize alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa kijiji cha pili, akamwachia mdogo wake chungu akilinde. Bi Hidaya akakitazama kile chungu kimekaa kimya juu ya jivu lake. Siku saba tutazitoa wapi, akajiuliza. Akaongeza makumbi mawili. Hayakumtosha, akachomeka na makuti makavu. Akachovya kidole, akasoma Alhamdu kama mtu anayekimbizwa na nyuki, akafika Amin kidole hakijapata nafasi ya kulalamika. Akafurahi. Akatia kuti jingine.

Bi Mize aliporudi alasiri, harufu ilimpokea njiani, nayo haikuwa ya asmini. Ilikuwa ya mafuta ya kukaangia maandazi. Akafunua mtungi, akakuta maua yamekuwa meusi kama makonyo ya karafuu.

"Nilipima, dada!" Bi Hidaya akapiga kelele kabla hajaulizwa. "Wallahi nilipima kama ulivyonifundisha. Nilisoma Alhamdu mpaka mwisho!"

"Hebu soma nikusikie."

Bi Hidaya akasoma. Bi Mize akajitahidi kukaza uso, akashindwa, akacheka. "Hiyo umeisoma au umeimeza?"

Lakini mwenzake alikuwa ameshaanza kulia. "Cheka tu. Mafuta sina, siku sina, na yule mtoto hanipi hata neno moja. Sheikh atafunga kitabu. Nitauweka wapi uso wangu?"

Bi Mize akaketi karibu naye. "Tangu habari ije, umemuuliza mara ngapi?"

"Kila nikimwona."

"Basi mwanao na mafuta umewapikia moto mmoja. Mdogo wangu, ukikaza moto, harufu huhama."

"Tutafanyaje sasa?"

"Tutaongeza maua. Moto hatuongezi."

Wakaanza upya. Bi Mize akatuma salamu nyumba kwa nyumba, na wanawake wakaleta asmini kwa pakacha, kwa upawa, kwa pindo la kanga. Maua yakawa yanabadilishwa mara tatu kwa siku: alfajiri, adhuhuri na magharibi. Na kulinda chungu akapewa Riziki. Ilikuwa si desturi bibi harusi kukaribia mafuta yake mwenyewe, shoga zake Bi Hidaya wakanong'ona, lakini Bi Mize alijifanya hasikii. Hakumuuliza msichana jambo lolote. Alimwambia tu, "Chovya kidole, usome taratibu, kila herufi ipate haki yake."

Alfajiri iliyofuata Riziki akasoma. Hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyomtoka tangu habari ije. Sauti ilikuwa nyembamba, ikikwama hapa na pale, lakini ilifika Amin. Adhuhuri akasoma tena, na magharibi tena. Bi Mize alikaa kando akichambua maua, akiitikia Amin yake.

Siku ya tatu asubuhi, Riziki alimaliza kusoma na hakukitoa kidole. "Mama mkubwa," akasema, "huko Unguja simjui mtu hata mmoja."

Bi Mize akatoa ua lililonyauka. "Ehe," akasema.

"Mbarouk namtaka. Nani kasema simtaki? Ila nilijua nitakula fungate yangu hapa hapa kwetu, siku saba, nimezungukwa na watu wangu. Sasa nitaamka Ijumaa nitiwe safarini kama kifurushi. Nilitaka mama aje nami, japo wiki moja. Lakini mama kila akija ananiuliza namtaka simtaki, na mimi langu silo hilo."

Nyuma ya kiambaza Bi Hidaya alikuwa amesimama na pakacha la asmini, amesikia kila neno. Akaingia, maua yakimwagika, akapiga magoti palepale kwenye jivu.

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mama."

"Mwanangu, mimi nitakaa huko hata siku arubaini, mpaka mumeo anifukuze!"

Riziki akacheka kwa mara ya kwanza, na mama yake akacheka na kulia pamoja. Bi Hidaya alipumua pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Usiku ule alilala, na kwa siku tatu alikuwa halali.

Alhamisi Sheikh Faki alisimama mlangoni akauliza. "Ndiyo" ya Riziki ilisikika mpaka barazani, vigelegele vikapasuka, na pilau ikaliwa ya moto. Kuhusu mafuta, Bi Mize mwenyewe alikiri kwamba yalipungua harufu kidogo kuliko ya siku saba. Hakuna aliyegundua. Bi Hidaya alikwenda Unguja kweli, akakaa arubaini yake, na kwa kuwa alikuwa msemaji, kabla hajarudi kila jirani alishayajua maneno ya dada yake. Mama akimfokea mwanawe, Bi Hidaya alimkatiza: shoga, punguza makuti.

Nilipofika hapo, Salha alikuwa anacheka. Nassir hakucheka. Alikuwa akivitoa vichupa vyake majini, kimoja kimoja, akivipanga mezani.

Wiki nzima mama yake alikuwa amemwandama kwa swali moja, mbele ya wageni na mbele ya majirani: umeanza lini kuvuta, na kwa nini? Nami hiyo sigara siipendi, na yeye anajua kwamba siipendi. Lakini sikumuuliza. Nilivuta ungo wangu, nikaanza kuchambua mchele. Salha akaaga, akatoka. Niliuchambua mpaka sufuria ikapoa.

"Bibi," akasema, "nilianza kuvuta nilipoanguka mtihani wa shule. Sijamwambia mtu."

Moyo wangu ukatulia. Nikatoa kijiwe kimoja kwenye mchele, nikakiweka kando.

"Ehe," nikasema.

Akavuta kigoda akakaa karibu yangu, akaanza kunieleza. Ukikaza moto, harufu huhama.