Miguu ya Mtemi Katika Hodhi la Zabibu

Hapo zamani, katika nchi ya bara, aliishi mkulima mmoja jina lake Ndahani, na mkewe Mbeleje. Hawakuwa na ng'ombe wala akiba. Walikuwa na kijishamba cha mizabibu walichorithi, nao wakitengeneza mvinyo mwekundu kama babu zao: mizabibu ililishwa samadi ya mbuzi, zabibu zikakanyagwa kwa miguu, na mtungini hawakutia kitu, si sukari si dawa. Mtemi Lungwa, mtawala wa nchi ile, akaupenda mvinyo huo hata asinywe mwingine.

Basi siku moja Mtemi akauliza unatengenezwaje. Waziri akamweleza. Mtemi akatema kilichokuwamo kinywani, kikamwangukia Waziri, akaamuru Ndahani aletwe.

"Kumbe miaka yote nanywa miguu yako!"

"Tunaiosha kwanza, ewe Mtemi."

"Nyamaza! Tangu leo usiniletee mvinyo uliokanyagwa na mguu wa mtu aliye chini yangu. Na ladha isibadilike. Ukishindwa, shamba nalitwaa, nipande mtama."

Ndahani akarudi nyumbani kichwa chini. Mbeleje akasema, "Tutwange kwa kinu, baba watoto." Wakatwanga kidogo, wakaonja maji yake, Mbeleje akakunja uso. Kinu huvunja kokwa, na kokwa ikivunjika uchungu hutoka; mguu hauivunji.

"Hata mbuzi ataturudishia," akasema.

Ndahani akakaa akiyarudia maneno ya Mtemi moja moja, kisha akaangua kicheko.

"Shamba linakwenda, nawe wacheka?"

"Nisaidie kubeba hodhi, mama. Tunakwenda barazani."

Ikawa asubuhi, baraza limejaa watu, Ndahani akatua hodhi la mbao lililojaa zabibu, akainama.

"Ewe Mtemi, natafuta mguu. Je, Waziri yu chini yako?"

"Chini sana."

"Na jemadari?"

"Chini ya Waziri."

"Na mama yako mzazi?"

Mtemi akamtazama mamaye, naye akamtazama mwanawe.

"Usinitazame," akasema bibi yule. "Mimi magoti yananiuma."

"Basi nchi nzima imebaki miguu miwili," akasema Ndahani, akainua kata ya maji. "Tuanze kuosha wa kulia."

Watu wakaziba vinywa. Mtemi akatazama huku na huku, lakini amri ilikuwa yake na wote waliisikia. Akavua makubadhi, akaingia. Na desturi ya wakamuaji ni kwamba aliye hodhini humtii mwenye hodhi, awe nani.

"Inua goti, ewe Mtemi! Unakanyaga zabibu, huui nge!"

Mtemi akainua goti, akateleza, akakaa kitako katikati ya zabibu.

"Ondoka hapo upesi," akasema Ndahani. "Amri yako ilitaja mguu tu."

Miezi ikapita, mvinyo ukaiva. Mtemi akaonja, akajipiga paja kwa furaha: "Ndio huu huu!" Akammiminia Waziri. Waziri akakitazama kikombe, asinywe.

"Una nini wewe?"

"Bwana wangu, nilikuwapo siku ile. Niliona ulivyokaa."

Mtemi akacheka hata akashika mbavu. "Mimi nilimwonea kinyaa Ndahani, nawe wanionea mimi. Kunywa!"

Waziri akafumba macho, akanywa, akaomba kingine.

Basi Mtemi akaifuta amri, akampa Ndahani kilima kilichopakana na shamba lake apande mizabibu mingine. Na mavuno yalipofika, akamtuma mjumbe kwa siri kuuliza kama hodhini pana nafasi. Mbeleje akajibu bila kuinua macho katika kazi yake: "Mwambie aje, ila asubiri zamu."