Kisanduku cha Bei ya Chee

Mpishi akikuna nazi tano na moja ikawa imeoza, hajisifu kwamba amebakiwa na nne nzima. Tui lote linamwagwa. Waliotuachia methali ya nazi mbovu hawakuijua kompyuta, lakini binadamu walimjua vizuri sana, na lau wangemwona Kiguu na Njia akinunua vipuri vyake, wangetikisa vichwa na kusema kwamba ni huyu huyu waliyekuwa wakimsema.

Kiguu na Njia ni jina la utani, na hakulipata kwa kuonewa. Mwanamke huyo hakujua kukaa kitako. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na ofisini, alikofanya kazi miaka kumi na mmoja, alikuwa akichora mistari mitatu, anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anachora miwili. Ofisi ilipofungwa wenzake walikaa wakaliliana. Yeye alitoka siku hiyo hiyo kutafuta kazi, na kabla mwezi haujaisha akawa ameipata: michoro ya zahanati ya ghorofa moja. Mwenye mradi alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba akiikabidhi kwa tarehe, zahanati nyingine tatu zitakuwa zake. Asipoikabidhi, yuko mchoraji mwingine anayengoja.

Michoro aliianza kwenye laptop yake kuukuu. Laptop hiyo ilichemka kama birika, na kila alipojaribu kuligeuza jengo alione upande wa pili, ilizima. Ikawa dhahiri kwamba bila kompyuta ya mezani yenye nguvu, tarehe itampita akiitazama. Kompyuta nzima za namna hiyo bei zake zilikuwa hazishikiki, kwa hiyo akaamua kununua vipuri kimoja kimoja aiunde mwenyewe nyumbani. Mumewe, seremala mwenye mdomo wa mzaha na moyo laini, hakutoa hotuba. Aliichukua randa yake ya umeme, akaiuza, akaja kumwekea fedha mezani. Tangu siku hiyo mbao zake alizilainisha kwa randa ya mkono, na jioni alirudi mabega yamekaza. Akiulizwa alisema randa ya mkono inamrudishia ujana. Mkewe alijua kwamba ni uongo, na uongo huo ulimchoma kuliko lawama.

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, binti wa maneno machache na bisibisi nyuma ya sikio, alimwandikia orodha ya vipuri saba: prosesa, bodi mama, kumbukumbu, diski, kadi ya picha, kasha la kuvibeba vyote, na kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vingine, ambacho mafundi hukiita pawa. Kwingine kote, alisema, mtu anaweza kubanabana. Kwenye pawa asibane. Kama ile iliyoandikwa haipatikani, basi atakayoiona aipime kwanza kwa mkono, maana nzuri huwa nzito kwa shaba iliyomo ndani na mbaya huwa nyepesi kama kopo tupu. Na hata ikiwa nzito, ampelekee aifungue na kuikagua kabla haijachomekwa popote.

Mtu mtulivu angevinunua vipuri hivyo kwa siku moja akaanza kazi. Kiguu na Njia alizunguka madukani siku tisa. Orodha aliifuta na kuiandika upya hadi karatasi ikatoboka. Leo alipunguza diski ili aongeze kumbukumbu, kesho akarudisha diski akapunguza kasha, keshokutwa akamwamsha mumewe asubuhi na mapema kumwuliza kama prosesa ya mwaka juzi ni aibu. Mumewe alimjibu kwamba yeye mwenyewe ni wa miaka mingi zaidi ya hiyo na bado anafanya kazi.

Siku ya kumi aliiona kadi ya picha dirishani mwa duka moja. Ilikuwa kubwa, yenye feni mbili, na muuzaji alipoiwasha ikageuza jengo la ghorofa kumi pasipo kukwama. Kadi ile haikuwa ile ndogo iliyoandikwa kwenye orodha, wala haikuwa kwenye bajeti, lakini alipotoka dukani hakuona kitu kingine njiani. Akarudi na laptop yake na diski mpya aliyokwisha kuinunua, akaomba michoro yote ihamishiwe kwenye diski, kisha laptop yenyewe akaiuza hapo hapo. Bado hela hazikutosha. Akaitazama orodha juu hadi chini. Vipuri vingine vyote alikwisha kuvinunua, na vyote vilikuwa vizuri. Kilichobaki ni pawa.

Yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea wenye nyumba waliotaka kupunguza msingi ili wapate vigae vya kung'aa. Siku hiyo msingi aliusahau. Kwenye safu ya vibanda alimpata mwuza vipuri mwenye maneno matamu na pawa ya bei ya chee. Aliishika, akaipima mkononi, akashtuka kwa furaha: ilikuwa nzito kuliko hata ile iliyoandikwa na fundi. Akalipa, akanunua kadi yake, akaenda nyumbani miguu haigusi chini.

Mumewe alikigeuzageuza kile kisanduku. "Yule binti amekiona?" aliuliza.

"Atakiona siku nyingine. Nimekipima mwenyewe, kizito kama tofali. Zimebaki siku sita, bwana, nikianza kuzunguka tena kwa mafundi nitachora lini?"

Seremala alimtazama, akaona vidole vyake vilivyokuwa vikicheza juu ya meza kama vinapiga kinanda. Akanyamaza. Kule kunyamaza alikuja kukujutia baadaye, na alilisema hilo mwenyewe.

Kompyuta iliundwa mchana ule ule, ikawashwa, ikakubali. Feni zilivuma, zahanati ikageuka kwenye kioo kama chapati mkononi mwa mpishi. Kiguu na Njia alifanya kazi siku mbili kwa furaha iliyomkosesha hamu ya chakula. Wodi ilikamilika, maabara ikakamilika, ngazi na paa vikafuata. Flashi ya kuhifadhia nakala alikuwa nayo mkobani, na kila alipoikumbuka alijiambia kwamba akimaliza ukurasa huu ataichomeka. Ukurasa ukiisha, mkono ulikuwa tayari kwenye ukurasa mwingine.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, aliiagiza kadi yake itoe picha ya jengo zima kwa rangi zote. Feni zilipandisha sauti. Kisha ukasikika mlio mmoja mkavu, kioo kikawa cheusi, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Alichomoa waya. Alikuwa amebakiwa na siku tatu.

Fundi aliitwa, akaja na pawa yake mwenyewe nzima ya kupimia. Kiguu na Njia alimwomba abadilishe tu kile kisanduku, kwa kuwa kilichoharibika ni kimoja na vingine ni vizima. Binti alichomoa bisibisi sikioni. Alivitoa vipuri akavipanga mezani, akaanza kuvijaribu. Bodi mama haikuitika. Prosesa aliipachika kwenye bodi aliyokuja nayo, ikawa kimya. Kumbukumbu ilikufa, na ile kadi yenye feni mbili haikuzungusha hata moja. Mwisho akaichomeka diski, akasubiri, akaichomoa, akaichomeka tena.

"Michoro imo humo," alisema Kiguu na Njia. "Haipo pengine popote."

"Haisomeki, dada. Umeme uliopita humu haukubakiza kitu."

"Lakini vilikuwa vizuri. Nilivichagua siku kumi."

"Vilikuwa vizuri sana," alisema fundi kwa huruma. "Hakuna hata kimoja ulichokosea, isipokuwa hiki."

Akakifungua kisanduku. Ndani, shaba ilikuwa kidogo ya kutia aibu, na chini yake, kimekazwa kwa skrubu mbili, kilikuwemo kipande cha chuma kinene kisichoungwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumdanganya anayepima kwa mkono. Kiguu na Njia alikitazama, akavuta kiti, akakaa. Hapo ndipo mumewe alipoogopa, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona ametulia namna ile.

Alikwenda kwa mwenye mradi akasema kweli yote. Yule bwana hakumtukana wala hakumkaripia. Alimpa pole, kisha mbele yake akampigia simu yule mchoraji mwingine. Zahanati ya kwanza ikaenda, na zile tatu zikaifuata.

Seremala alijaribu kukinoa kile chuma kiwe kisu cha randa. Kilikataa makali. "Hata wewe bandia!" alikiambia, na mkewe akacheka huku machozi yakimtoka, kwa sababu mabega ya mumewe aliyaona yanavyoshuka na kupanda juu ya ile randa ya mkono.

Sasa huchora kwa penseli na rula kwenye ncha ya meza ya useremala, vijumba vya vyumba viwili viwili, na hukaa kitako hadi mstari wa mwisho. Chuma kile hukandamizia karatasi zake. Chini yake kabisa iko orodha mpya isiyofutwafutwa. Mstari wa kwanza umeandikwa randa ya umeme, na wa pili, pawa. Mgeni akiuliza habari ya kompyuta yake, yeye hajichoshi kwa maelezo. Humpa kile chuma akipime mkononi, husubiri hadi mgeni akiri kwamba ni kizito kweli, kisha hukipokea, hukirudisha juu ya karatasi, na kusema: nazi mbovu harabu ya nzima.