Jibini ya Mama Tunu Iliyonuka Beberu

Hii isomwe na wenye ndoa, na wanaoitarajia, na wale wanaosema hawaitaki lakini tunawaona. Mimi nimetumiwa na shangazi yangu. Nilianza kwa kucheka, nikamaliza nimenyamaza.

Huko milimani, kwenye baridi ya kuvaa sweta hata mchana, waliishi Mzee Shemboza na mkewe, Mama Tunu. Hawakuwa na makuu. Walikuwa na migomba, kibustani cha kabichi na mbuzi wawili: Tausi, jike la maziwa, na Sultani, beberu mwenye ndevu na maringo yake.

Mama Tunu alikuwa fundi wa jibini. Alichemsha maziwa ya Tausi, akayakamulia limau mpaka yakatike, akayachuja kwa kitambaa cheupe, kisha akayakandamiza chini ya jiwe. Kukicha jibini imeshika, wanaila na ndizi za kuchoma, na jirani akipita hanyimwi.

Kazi ya kukamua ilikuwa ya Mzee. Vidole vya mkewe vilikuwa vimeanza kuvimba viungo na kuuma, basi siku moja alimpokonya ndoo akamwambia, "Wewe kaa na moto." Tangu hapo, kila alfajiri alivaa koti lake la sufu, zawadi ya mkewe, ambalo hakulivua ila akilala, akapita kwanza kwa Sultani kumkuna katikati ya pembe. Sultani naye alimsugulia kichwa kifuani. Wakishasalimiana vya kutosha, Mzee alikwenda kwa Tausi na ndoo yake.

Mwaka mmoja jibini ikaanza kunuka beberu.

Mzee alisema itapita. Haikupita. Siku wazazi wa mchumba wa binti yao Tunu walipokuja kujitambulisha, waliwekewa jibini mezani kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Baba wa kijana alimega kipande, akakitafuna kwa heshima zote, kisha akaomba maji. Mkewe alikificha cha kwake chini ya ganda la ndizi.

Wageni walipoondoka, Mzee alikuwa amejaa aibu mpaka kooni.

"Huyu Tausi amezeeka," alisema. "Maziwa yake yameharibika. Auzwe."

Mama Tunu alishtuka. Tausi alifiwa na mama yake siku ileile aliyozaliwa, na Mama Tunu ndiye aliyemlea jikoni kwa chupa. Mpaka leo akiitwa jina hugeuka kama mtu. Na mbuzi mzee akipelekwa gulioni, mnunuzi wake anajulikana: mwenye bucha.

"Baba Tunu, una hakika ni Tausi?"

"Sasa harufu ya mbuzi itoke kwa nani, mke wangu? Kwako?"

Mama Tunu alitazama chini, akaendelea kusuuza kitambaa chake.

"Kesho naenda kumwona dada yangu, anaumwa," Mzee aliendelea, na sauti yake ikalegea, maana hata yeye roho ilimuuma. "Nikirudi nisimkute. Tafuta mbuzi mwingine. Sitaki kumwona akiondoka."

Asubuhi alivaa koti lake, akaenda.

Alirudi siku ya gulio imeshapita. Hakuthubutu kuchungulia bandani. Aliingia moja kwa moja jikoni, akaketi mnyonge. Mama Tunu akamwekea chai na jibini.

Mzee alimega kidogo, kwa woga. Akamega tena. Mwishowe sahani ikabaki tupu.

"Unaona sasa? Mbuzi kijana ana maziwa safi. Umempata wapi?"

"Njoo umsalimie."

Walipokaribia banda, mbuzi alilia. Mzee alisimama ghafla, kwa kuwa sauti ile aliijua. Tausi alikuwa akichungulia juu ya ubao, shavu limejaa majani.

"Mama Tunu, ile jibini niliyokula..."

"Ni ya Tausi. Mbuzi yuleyule, sufuria ileile, kitambaa kilekile. Kilichoondoka hapa nyumbani ni kitu kimoja tu, na kimerudi leo."

Mzee aliinamisha pua kifuani pake, akavuta pumzi. Kisha akamtazama Sultani, ambaye tayari alikuwa amemnyooshea shingo.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Sultani alipopevuka."

"Tumeaibika mbele ya wakwe, na hukuniambia?"

"Nilidhani wageni watavumilia kama ninavyovumilia mimi. Baba Tunu, ulikuwa unaamka kwenye baridi kwa ajili ya vidole vyangu. Ningeanzaje kukuambia unanuka?"

Hapo Mzee akakumbuka jambo.

"Na siku zote hizi nani amekamua?"

Mama Tunu aliingiza mikono ndani ya kanga. Mzee aliifuata humohumo, akaitoa. Vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Alivishika, na mtu mzima yule akatokwa na machozi. Mimi mwenyewe nikifika hapa huwa natafuta kitambaa.

Koti lilifuliwa siku hiyohiyo. Tangu hapo Mzee hunawa, hukamua kwanza, ndipo huvaa koti lake na kwenda kwa Sultani. Sultani alinuna siku chache, akazoea.

Wakwe waliporudi kupanga harusi, jibini iliisha kabla ya chai. Baba wa kijana alijipangusa mdomo akauliza, "Mama, kwani safari ile ilikuwaje?"

Mama Tunu alimtazama mumewe kidogo.

"Ah, ni majani tu, bwana mkwe. Tumembadilishia mbuzi majani."

Mzee Shemboza alikohoa, akaomba aongezewe chai.

Funzo: Kabla hujamuuza mbuzi kwa sababu ya harufu iliyomo nyumbani, nusa kwanza koti lako. Na ukijaliwa mwenzi anayekuonyesha kosa lako faraghani na kukusitiri mbele za watu, mshike kwa mikono miwili.