Shingo ya Tusekile

Hapo zamani, na si zamani sana kwani kikombe Tusekile alichomezea dawa bado kipo kabatini, aliishi milimani mzee aitwaye Gwakisa, dresa, yaani msaidizi wa tabibu, katika zahanati kwa miaka ishirini na miwili. Mwanawe Lwitiko alimwoa Tusekile. Kwa desturi yao, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, Tusekile alijifunika khanga hadi machoni, akaingia kwenye michai. Gwakisa akageuza uso, akapita.

Mwaka wa tatu, Tusekile akaanza kuona baridi juani. Akasinzia akimenya ndizi. Akanenepa ingawa chakula hakimpandi.

"Mkwe wangu analala hata akiwa amesimama," mama Lwitiko aliwaambia wenzake mtoni, nao wakacheka.

Mwishowe wakamrudisha kwao. Sababu waliyotaja ni uvivu.

Huko kwao, muuguzi alimfungua kitambaa cha shingoni, akaona uvimbe. Akaeleza kwamba kooni mna tezi ndogo, na homoni inazotoa husafiri katika damu kuuambia mwili uchangamke au upoe. Ya Tusekile ilikuwa imelegea. Akapewa kidonge kimoja kila asubuhi. Baada ya miezi minne alikuwa akilima kuwapita kaka zake.

Wakwe wakaenda kumwomba arudi. Tusekile akakaa chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo, kikapu chake cha safari kizingitini. Baba yake akasema, "Radhi nitaipokea kwa mtu mmoja, yule aliyekosa zaidi. Akisimama asiye yeye, kikapu hiki hakitoki."

Mama Lwitiko akasema, "Ni mimi. Nilimpa jina la mvivu, likamtangulia kila alikokwenda."

Lwitiko akasema, "Mama, wewe hukujua. Mimi uvimbe niliuona. Nikamtania kwamba ameota shingo nene kama ya diwani. Akacheka, nami nikageukia ukutani nikalala."

Sauti ikatoka chumbani. "Baba, na mimi nimo. Mume wangu alinitania mara moja tu. Mimi nilifunga kitambaa shingoni kuuficha, nikakifunga mwaka mzima, nikiogopa kuambiwa nimerogwa."

Gwakisa alitazama mkeka. Hakuna aliyemgeukia, kwa maana desturi ilikuwa imekwisha kumtoa hatiani. Alikumbuka siku aliyokuwa akinyoa ndevu nyuma ya ukuta wa jikoni, akasikia sauti ya mkwewe imekuwa nzito, inakwaruza. Sauti kama ile aliisikia kwa wagonjwa wengi. Kabla hajanyoa shavu la pili alikwisha kujua kwamba ni ugonjwa wa tezi. Angeweza kumnong'oneza mkewe, lakini mkewe angeuliza, "Sauti ya mkwe unaisikilizia nini?" Akaona haya. Akasuuza wembe, akaingia ndani.

Sasa akashika ukuta, akasimama, mlango ameupa mgongo kama desturi itakavyo.

"Hawa hawakujua wanachokiona," alisema. "Mimi sikuona kitu, lakini kwa sauti yake nilijua. Nilinyamaza nisije nikaonekana sina adabu."

Mama Lwitiko akamtazama mumewe kana kwamba ni mgeni.

"Nimetaka mmoja," baba yake Tusekile akasema, "mmenipa wanne."

Kikapu bado kilikuwa kizingitini. Je, ninyi mliosikia, ni radhi ya nani iliyostahili kukiondoa pale: ya aliyesema, ya aliyetania, ya aliyejifunika, au ya aliyejua?