Jiko Lililomwagiwa Maji

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale palikuwa na nyumba ya wakfu ya kutunzia wazee. Nadhiri wake, yaani msimamizi wa wakfu ule, Sheikh Burhani, alikuwa mcha Mungu aliyependa kanuni kama wengine wapendavyo halua. Kila mzee alipewa chumba, jiko, na mtumishi wa kumwashia makaa. Kanuni ikasema: aliyekamilishiwa haja zake asimsumbue jirani.

Bi Shamsa binti Idrisi, mjane asiye na mtoto, hakupungukiwa na kitu isipokuwa mtu wa kumjibu salamu. Asubuhi moja akamwagia maji jiko lake, akachukua kigae cha kubebea makaa, akabisha kwa jirani yake Bi Ruzuna, aliyesifika kwa ukali.

"Hodi! Naomba moto."

"Wako umekwenda wapi?"

"Nimeuzima."

"Shoga, una wazimu!" Bi Ruzuna akacheka mpaka akakohoa.

Kicheko kilikuwa kitu kigeni katika nyumba ile. Nadhiri akaja mbio, akaelezwa kisa.

"Mama, moto ukizimika wenyewe, kanuni inasamehe. Ukizimwa kusudi, mwenyewe hupoteza chumba. Sema ulizimika, yaishe."

Bi Shamsa hakuwa na paa jingine duniani, na neno moja tu lingemwokoa.

"Nimeuzima kwa mkono wangu huu, sheikh. Umenipa kila kitu ila sababu ya kubisha hodi."

Nadhiri akakuna ndevu. Kanuni haikuwa na kifungu cha jibu kama lile, ila cha adhabu kilikuwepo. Akaamuru ahame baada ya Adhuhuri.

Bi Shamsa alikuwa akifunga furushi lake aliposikia maji: chwaa! Ni kwa Bi Ruzuna. Kisha chumba cha pili, cha tatu, hadi mvuke ukajaa ukumbini. Wazee wakatoka na vigae mkononi, wakiombana moto ambao hakuna aliyekuwa nao.

Ukabaki moto mmoja tu: wa nadhiri mwenyewe, chini ya birika lake la kahawa.

"Hodi, sheikh!" wakaita kwa pamoja, Bi Shamsa akiwa mbele. "Tunaomba moto."

Sheikh Burhani akawaza: akiwafukuza wote, atakuwa nadhiri wa nani? Akatazama kikombe chake, kimoja, kama miaka yote.

"Karibuni," akasema, akiteremsha birika. "Leteni na vikombe."

Tangu siku ile nyumba nzima ikawa na jiko moja, uani, na Bi Shamsa ndiye aliyeliwasha.

Ndugu yangu, huenda mzee wako hakosi chakula. Mtazame kama ana mlango wa kubisha. Mola atujaalie uzeeni jirani wa kutuomba moto, na ulimi wa kukiri tulipouzima wetu.